Aje na Faili Lake

Tunduma wapo watu watakaokwambia kwamba Madamu aliliua darasa lake mwenyewe kwa ukaidi. Watakwambia alipewa nafasi ya kuliokoa mbele ya wageni, kwa kubonyeza vitufe vichache tu, akakataa. Hapo hawasemi uongo. Alikataa, nami nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kiti chake. Lakini wakishasema hivyo hunyamaza kana kwamba wamemaliza, na hapo ndipo damu inaponichemka, kwa sababu hata kuanza hawajaanza.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sijui vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Yeye ndiye alitaka kujua ya kwetu, maana majina ya watu hayakumkaa kichwani hata kidogo. Siku ya kwanza ya masomo alimwuliza kila mmoja ametoka wapi, na hapo hapo ukawa umebatizwa. Mimi nilikuwa Ruanda, si ile nchi, bali kata yetu ya wilayani Mbozi. Kijana mrefu wa pale dirishani, aliyetoka milima ya Ileje, alikuwa Mbebe. Mmoja wetu alikuwa wa mjini hapa hapa, baba yake akiuza vipuri, basi akaitwa Tunduma, akalalamika kwamba hilo si jina la mtu. Madamu akamwambia hata jina lake la zamani halikuwa la mtu mpaka alipopewa yeye.

Alitufundisha kuandika programu za kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, chumba cha mwisho kwenye korido, mahali ambapo ukifungua dirisha unasikia breki za malori yaliyo kwenye foleni ya kwenda ng'ambo. Asubuhi kulikuwa na baridi, naye alikuja na sweta la kijivu juu ya gauni la kitenge, akavua viatu mlangoni na kuvaa kandambili. Chupa yake ya chai ya tangawizi iliwekwa juu ya kompyuta mbovu, ambayo alisema angalau imepata kazi.

Programu zetu tuliziandikia ndani ya kitu alichokiita karakana. Ni programu kubwa ambayo humo humo unaandika yako, unaisahihisha na kuiendesha, bila kutoka nje. Juu kuna pembetatu ya kijani. Ukiibonyeza, chini panafunguka kidirisha cheusi na programu yako inaanza kukuuliza: weka namba ya gari, weka saa ya kuondoka, weka saa ya kufika. Unachapa majibu, inakupa hesabu, unajisikia fundi. Sisi tulikipenda sana kile kidirisha cheusi. Madamu alikuwa na ugomvi nacho.

Alisema kinatulea vibaya. Mtu ameandika programu mwenyewe, kisha anakaa kuijaribu mwenyewe, anachapa magari matatu yenye namba nzuri na saa nzuri, inakubali, anapiga makofi. "Vidole vyenu vina huruma," alituambia. "Vinaionea huruma programu yenu. Mimi nataka ilishwe na mtu asiye na huruma nayo." Na huyo asiye na huruma alikuwa faili. Orodha ya kweli, iliyoandikwa na mtu wa kweli aliyekuwa na haraka zake, imwagwe yote kwa mpigo, kisha tuone kama programu inasimama.

Kama hatukumwelewa, alituuliza ni wapi tumeona mtu anapeleka mahindi mashineni akaingiza punje moja moja. Sote tulikuwa watoto wa mashamba, isipokuwa Tunduma, kwa hiyo tulimwelewa.

Nje ya karakana jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Kwenye dirisha la amri unaandika jina la programu, unaweka ile alama ya < iliyo kama mdomo uliofunguka, halafu jina la faili. Programu inasoma faili mstari kwa mstari, na yenyewe inadhani kuna mtu anachapa. Ndani ya karakana, pembetatu ya kijani haina mahali pa kuweka mdomo. Ilibidi uingie kwenye mipangilio ya kuendesha, ushuke chini, utafute kisanduku kidogo, uweke tiki, kisha uchague faili litakalosomwa badala ya kibodi. Na kompyuta za chuo hazikuwa sawa. Kwenye zile mpya kisanduku kilikuwepo. Kwenye zile za zamani hakikuwepo, na ulitakiwa uandike ule mdomo wenyewe pale panapowekwa maneno ya ziada ya programu. Mashine moja ingekubali, ya jirani yake ingeuona mdomo kuwa neno tu kama maneno mengine, ikaupita, ikakaa inasubiri uchape. Wanafunzi wengi walikata tamaa hapo hapo, kwenye mipangilio, kabla ya kuanza kazi.

Sisi hakuturuhusu kukata tamaa. Wala hakuturuhusu kupita njia ya panya. Mbebe aliwahi kuchoka, akaandika jina la faili ndani ya programu yenyewe, ili iende ikalichukue bila kupitia mipangilio. Ikafanya kazi vizuri sana, tukamwonea wivu. Madamu alisoma mistari yake, akamfanya aifute. Programu isijue inalishwa na nani, alisema. Ikijua, itaanza kuchagua.

Kosa letu la kila siku lilikuwa kuhusu folda. Mtu anahifadhi faili lake mezani pa kompyuta, au kwenye folda ya programu aliyoiandika, kisha anaendesha, na programu inasema faili halipo. Basi anapiga kelele kwamba lipo, Madamu, hili hapa nalitazama. Madamu alikuwa na swali moja tu kwa huyo: programu yako imesimama wapi? Kwa sababu karakana, ikiendesha programu, huisimamisha kwenye folda yake nyingine kabisa, na huko ndiko inakotazama. Nadhani sisi wa Tunduma tulipaswa kulielewa hilo upesi kuliko watu wote. Hapa duka liko nchi hii na mtaro wa mbele yake uko nchi ile, na hakuna anayevuka bila kujua amesimama wapi.

Mara ya kwanza nilipofaulu kuweka tiki na kuchagua faili langu, nilidhani nimeharibu kompyuta. Maswali yote yalimwagika kwenye kidirisha kwa mstari mmoja, weka namba ya gari weka saa weka saa weka namba ya gari, bila jibu hata moja kuonekana, maana majibu yalikuwa yanatoka kwenye faili na hakuna aliyeyachapa. Nilimwita Madamu kwa hofu. Alitazama, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Inambembeleza nani?" akaniuliza. "Toa hayo maombi yote. Faili halibembelezwi." Nikayafuta. Tangu siku hiyo hakuna programu yangu iliyomwomba mtu kitu, na kazini wananiambia nina kiburi.

Sasa nieleze ile desturi yake, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Kila aliyeingia chumba kile ilibidi alete kitu cha kulisha programu zetu. Fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa aliombwa orodha ya nyumba alizozipita wiki ile. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuja kumpima Madamu gauni, akaambiwa aache vipimo vya wateja wake. Tukaviandika vile vile alivyoviandika, na programu yetu ya kutafuta wastani ikaanguka kwenye mteja wa pili, ambaye kiuno chake kilikuwa "32 na nusu." Tulikuwa tumejiandaa kwa namba. Hatukujiandaa kwa maneno "na nusu." Madamu alimshukuru yule fundi kana kwamba amemletea zawadi ya sikukuu. Akasema maneno aliyokuwa akiyasema kila mara, mpaka yakawa kama salamu ya chumba kile: mgeni aje na faili lake.

Umeme ukikatika hakuturudisha nyumbani. Alimweka mwanafunzi mmoja mbele awe programu, mwingine awe faili, mwingine kibodi. Faili lilisoma mistari yake kwa sauti, programu ikajibu, na kibodi aliamriwa aikalie mikono yake. Tunduma ndiye aliyekuwa kibodi mara nyingi kwa sababu hakuweza kunyamaza. Kila alipofungua mdomo kumsaidia mwenzake jibu, Madamu alimwambia wewe leo haupo, tumekuchomoa. Siku moja Mkuu wa chuo alipita akakuta darasa zima gizani, mtu mmoja amekalia mikono, mwingine anasoma namba za malori kama anayesoma matangazo ya kanisani. Alisimama kidogo mlangoni, akaenda zake.

Watu wanamfanya aonekane jiwe. Hakuwa jiwe. Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, mengine ya kuchekesha. Yeye ambaye asingeiamini programu mpaka iwe imelishwa mafaili ya watu saba wasiofahamiana, aliamini kila neno la dada yake aliyekaa kata ile ile ya Mbebe kuhusu mvua. Dada akipiga simu kusema mvua zinaanza wiki hii, Madamu alifunga darasa mapema akaenda shambani kwao Iyula kupanda mahindi. Mwaka mmoja yaliungua yote juani. Mwaka uliofuata dada akapiga simu tena, naye akaenda tena. Nilimwuliza mbona huyo hajaribiwi kwa faili. Akasema dada ni dada.

Wengine wakichelewa aliwaka moto. Tunduma simu zina tabia ya kushika mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja bila kukuuliza, na kila mchelewaji mjini anao utetezi huo mfukoni. Kwake haukufaa. Alisema mnara ni wa ng'ambo lakini miguu ni ya hapa. Na yeye mwenyewe Jumapili aliingia kwayani wakati wimbo wa pili unamalizika, akaimba kwa sauti iliyompita kila mtu, nje ya noti. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mchungaji alisema yapo mambo tunayomwachia Mungu.

Nimekuwa nikizunguka, lakini siku yenyewe lazima niiseme.

Darasa letu lilikuwa linaning'inia. Mkuu wa chuo, ambaye hakuwa mtu mbaya na ninalisema hilo japo linanikera, alikuwa ametangaza kwamba kozi ya programu haina wanafunzi wa kutosha. Chumba kingegeuzwa cha kozi fupi za kuchapa, ambazo watu walizipangia foleni. Isipokuwa tupate mfadhili. Mfadhili aliyepatikana alikuwa Alhaji mmoja mwenye malori, mtu wa Kondoa aliyekaa Tunduma tangu barabara ikiwa ya vumbi. Alitaka programu ya kumwonyesha kila lori lake lilikaa muda gani kati ya kutoka geti la Tunduma na kuingia geti la Nakonde, upande wa Zambia. Ikimpendeza, angetuletea kompyuta mpya na kuwachukua wanafunzi kufanya mazoezi ofisini kwake. Isipompendeza, muhula ukiisha na sisi tumeisha. Kila mtu chumbani alilijua hilo, Madamu kuliko wote, maana hakuwa na kazi nyingine.

Tuliifanya kazi ile muhula mzima. Karani wa Alhaji, kijana wa kwao Nakonde aliyeolea huku, alikuwa akitusomea taarifa kwa simu, kila mara akianza na salamu ya kwao, mulishani, na sisi tukimjibu bwino, yaani nzuri, na Mbebe akichapa anayoyasikia. Programu ilitoa majibu mazuri. Nusu saa, dakika arobaini, nusu saa. Madamu hakufurahi. Alimwomba karani faili lenyewe, si kusomewa. Karani akaahidi kesho, na kesho, na ile kesho ikawa asubuhi ya wageni. Alilileta kwenye flashi wakati watu wameshakaa.

Alhaji alikuwa mstari wa mbele na kanzu yake nyeupe. Pembeni yake alikaa Mkuu, nyuma yao walimu wengine na baadhi ya matajiri wa malori waliokuja kuona. Mbebe alinong'ona kwamba tutumie yale tuliyoyazoea, faili jipya tulijaribu baadaye. Na mimi nilinong'ona hivyo hivyo. Madamu akachomeka flashi. Akafungua mipangilio mbele ya wote, kioo chake kikimulikwa ukutani, akashuka chini, akaweka tiki, akachagua faili la karani, akabonyeza pembetatu ya kijani.

Lori la kwanza, ikasema programu, lilifika Nakonde muda wa saa sita na nusu kabla ya kuondoka Tunduma. Lori la pili lilitumia zaidi ya saa tano kuvuka mwendo ambao mtoto anatupa jiwe likafika.

Chumba kililipuka kwa kicheko. Alhaji hakucheka. Alivuta miwani, akasoma tena ukutani, akasema taratibu, "Binti yangu, malori yangu yana mbio, lakini si mbio hizo."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona, na najua Madamu aliona kabla yangu. Karani alipotusomea kwa simu alisema lori limetoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na Mbebe akachapa 6:10 bila kufikiri, kwa sababu ndivyo kompyuta inavyotaka. Karani akasema limefika saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa sababu kichwani alishaongeza ile saa moja ambayo Zambia iko nyuma yetu, kama anavyofanya kila mtu wa mpakani anayetaka kumkuta mwenzake. Mdomo wa karani ulirekebisha, vidole vya Mbebe vikarekebisha. Kwenye faili hakukuwa na mdomo wala vidole. Karani alikuwa ameandika 12:10, kwa saa ya Kiswahili, na wenzake wa ng'ambo wameandika 5:40, kwa saa yao. Programu ilisoma ilichopewa. Muhula mzima haikuwa ikijua chochote kuhusu mpaka huu. Sisi ndio tulikuwa tukijua kwa niaba yake.

Mkuu alisimama, akajikaza kutabasamu. Akasema hii ni hitilafu ndogo, mwalimu atamwambia kijana aingize kwa mkono, wageni waone. Mbebe alishaweka vidole kwenye kibodi.

Madamu aliweka mkono wake juu ya kibodi, akaifunika.

"Mkuu, kwa mkono itakubali," akasema. "Ndiyo maana sitaki."

Mkuu akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia kwamba afikirie watoto hawa, afikirie na yeye mwenyewe. Madamu akageuka kwa Alhaji. Hakupandisha sauti.

"Alhaji, nikiwaruhusu hawa wachape, utaona majibu mazuri, utatuletea kompyuta, na utaipeleka programu hii ofisini kwako. Huko hakutakuwa na Mbebe wa kuirekebisha kila saa. Itakudanganya kila siku na wewe utaiamini. Leo umeiona ilivyo. Nipe muda niifundishe saa zetu na saa zao."

Alhaji alivua miwani yake, akaikunja. Ningependa kuandika kwamba alimwelewa, na huenda alimwelewa. Lakini alikuwa ameletwa mbele ya matajiri wenzake, nao walikuwa bado wanacheka. Alishukuru kwa chai, akaaga wote kwa heshima, akaondoka. Kompyuta hazikuja. Muhula ulipoisha chumba kikapigwa rangi, na kibao kikatundikwa cha kozi ya kuchapa. Madamu aliambiwa anaweza kubaki afundishe kuchapa. Akacheka kile kicheko cha siku ya maswali yangu yaliyomwagika, akachukua chupa yake ya chai na kandambili, akarudi Iyula.

Basi, hao wanaosema aliliua darasa. Nimefanya kazi mpakani tangu nimalize chuo, katika ofisi ya kutoa mizigo. Nimeona mifumo ikizinduliwa kwa suti na vipaza sauti, mtu mmoja aliyefundishwa vizuri akichapa mbele ya wageni vitu alivyovikariri, na Jumatatu yake foleni ya malori inafika mbali kwa sababu mfumo umekutana na dereva wa kweli. Hakuna anayesema kwamba hao waliua kitu. Wao wanapigiwa makofi. Nami kila nikiyasikia makofi hayo namwona Madamu na mkono wake juu ya kibodi.

Majuzi Mkuu alikuja ofisini kwangu. Amezeeka, na bado si mtu mbaya. Alisema vyuo sasa vinatakiwa kufundisha programu, wakaguzi wanakuja kukiangalia chuo chake, na hana mwalimu. Anataka Madamu arudi, kwa mkataba wa kueleweka, chumba kile kile, kompyuta mpya kabisa. Sharti lake lilikuwa dogo. Siku ya wakaguzi mambo yaende laini, vitu vilivyozoeleka, asije akaanza yale mambo yake ya mafaili. Nikamwuliza mbona haendi mwenyewe. Akatazama dirishani, akasema wewe ndiye unayesikilizana naye.

Nikaenda Iyula. Hatumtembelei mikono mitupu, sisi aliotufundisha, na mikono mitupu kwetu ina maana yake. Nilibeba sukari, na nilibeba flashi yenye orodha ya magari ya ofisi yetu, namba nikiwa nimezibadilisha, mengine yote kama yalivyoingia.

Nilimkuta kwenye ghala la kahawa la zamani la kwao. Nje kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye meza za waya, ndani kulikuwa na kompyuta za mkononi zilizochakaa, nyingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na vijana wa vijiji vya jirani wamejaa kwenye mabenchi. Sweta lilikuwa lile lile la kijivu, viwiko vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba Ruanda, akasema sukari weka pale, faili lete hapa.

Nilimwomba tuzungumze kwanza. Tukasimama mlangoni, nikampa ujumbe wote wa Mkuu, mkataba, chumba, kompyuta, na lile sharti. Sikuficha kwamba nilitaka akubali. Niliviona vile viwiko, na viliniuma. Nilimwambia ni siku moja tu, Madamu, siku moja uwaache wachape, halafu mwaka mzima ni wako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinyoosha kiganja, nikaweka flashi humo.

Akampa msichana mmoja aliyemwita Mbozi, ambaye kwa hakika alichelewa kujiunga mpaka majina ya kata yakawa yamekwisha, akapewa la wilaya nzima. Msichana aliingia kwenye mipangilio bila kubabaika, akashuka chini, tiki, faili, pembetatu ya kijani. Programu ilikuwa ile ile ya malori. Hawakuiacha miaka yote hiyo. Ilisoma saa zetu na saa za Nakonde, kila moja kwa mahali pake, majibu yakashuka safi, nikaanza kujisikia fahari kana kwamba ni yangu. Kisha, katikati, ikaanza kuchanganyikiwa. Lori moja liko ng'ambo, halafu liko huku, halafu linatoka tena kabla ya kufika. Baada ya hapo kila mstari ukawa upuuzi.

Vijana waliacha mabenchi yao, wakaizunguka kompyuta. Madamu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaniuliza lile lori lilikuwa na nini. Nikamwambia makaratasi yake yalikataliwa upande wa pili, likageuzwa siku hiyo hiyo, likarudi Tunduma.

"Likarudi," akasema.

"Ndiyo, Madamu."

"Hatukufikiria gari kurudi." Uso wote ulimchangamka, kama siku ya fundi cherehani na nusu yake. Akawauliza vijana nani aliwahi kufikiria gari kurudi, na wote wakatikisa vichwa, nao wamefurahi kama yeye. Mbozi alikuwa ameshafungua mistari ya programu anatafuta pa kuanzia.

Nikakumbusha kwamba Mkuu anasubiri jibu. Nadhani alikuwa amekwisha kunisahau. Aligeuka nusu, mkono mmoja bado uko juu ya bega la yule msichana.

"Mwambie Mkuu nashukuru, lakini nina kazi," akasema. "Na hao wakaguzi wake, wakitaka kuona programu, njia ya Iyula wataulizia. Kila mmoja aje na faili lake."